Waliomaliza Tu

Kazini walimwita Mfagio, na jina lilimkaa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufagia data. Watafiti walirudi na fomu zenye vituko: mgonjwa ambaye uzito wake umeandikwa mahali pa urefu, mzee atakayezaliwa mwaka ujao, mwanamume mwenye mimba. Mfagio alikaa nazo, akapiga simu, akauliza, akasahihisha, mpaka kila rekodi ikawa safi ya kuingia Kurunzi.

Kurunzi ilikuwa programu ya taasisi ya kutafutia data za utafiti. Iliwekwa kwenye kompyuta za mezani pekee, haikuunganishwa na mtandao, kwa sababu ndani yake mlikuwa na damu, mapafu na maini ya watu wengi, yote yamegeuzwa namba. Unaandika unachokitaka kwenye kisanduku cha kutafutia, ugonjwa fulani, umri fulani, dawa fulani, unabofya, na skrini inajaa nukta za rangi. Kila nukta ni mtu. Ukiigusa kwa kipanya inafunguka na kukueleza mtu huyo alipimwa nini, akapewa nini, na mwisho wake ukawa upi. Jina halipo, na wanaoitazama huzoea haraka kwamba jina halipo.

Chumba cha Mfagio kilikuwa mwisho wa korido, ukuta kwa ukuta na majokofu ya sampuli, hivyo alishinda akisikia mngurumo. Pazia lake alilibana kwa kibanio cha karatasi. Kiti kilikuwa na gurudumu bovu na kila akijisogeza kilimpeleka upande wa mlango, na wapita njia walidhani anatoka kuwasalimia. Hakulalamika. Aliipenda ile kazi kupita kiasi, na alipenda zaidi kusikia watu wenye shahada ndefu wakisema, "Muulizeni Mfagio." Kwa hilo, tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wake, aliyeitwa Nyundo na mtaa mzima. Nyundo alivunja mawe machimboni tangu ujana, na vumbi la mawe likamkaa mapafuni mpaka yakakakamaa. Ilifika mahali kutoka kitandani hadi mlangoni alisimama njiani, ameshika ukuta, akijifanya anaukagua kama umepasuka. Daktari alimweleza kwamba kuna dawa mpya inayojaribiwa, ambayo taasisi ya dada yake ndiyo iliyokuwa ikikusanya taarifa zake. Wengi walipumua vizuri zaidi walipoinywa. Ila dawa yenyewe hupita kwenye ini, na ini la Nyundo liliwahi kuugua. Kwa hiyo uamuzi ni wake, anywe au asinywe.

Nyundo hakutaka hata kuisikia.

"Mimi na dawa ya majaribio wapi na wapi?" alisema, ameegemea mito yake. "Nimegeuka panya?"

"Kaka, acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ini langu nalijua. Lilinigeuza njano nikiwa kijana, mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Afadhali nibaki na pumzi hii hii ninayoijua."

Mke wake, ambaye ndiye aliyemwogesha, akamgeuza na kuamka kila alipokohoa, alimtazama Mfagio kwa macho ya mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa.

"Wifi, si mna ile mashine yenu inayoona kila kitu? Hebu tuangalizie. Wenzake waliokunywa, wenye ini kama lake, walikuwaje? Ukituambia wewe tutajua."

Nani angekataa kuombwa hivyo? Kesho yake mchana, wenzake walipokwenda kula, Mfagio alivuta kiti na kuandika: wanaume, umri wa kaka yake, vumbi la mawe, waliowahi kuugua ini. Akabofya. Nukta zikatokea, chache, zote za kijani. Akazifungua moja baada ya nyingine. Pumzi imepanda. Pumzi imepanda. Ini salama. Akaenda kwenye safu ya vifo na kuikuta tupu kabisa. Pale pale kwenye kiti chake kibovu alitoa leso akajifuta machozi ya furaha.

Sasa, kilichokuwa kimetokea ni hiki. Muda si mrefu kabla ya siku hiyo taasisi ilikuwa na wageni wakubwa, na Profesa, mkuu wa utafiti huo, alitaka kuwaonyesha Kurunzi. Akaja na shida moja. Skrini ilikuwa na nukta nyingi za kijivu. Hizo zilikuwa za waliopotea, yaani wale walioacha kuja kliniki, simu zao zikapigwa zikapigwa tena bila jibu, na utaratibu ukasema mtu wa namna hiyo aandikwe Amepotea, kazi iendelee. "Zinachafua picha," Profesa alisema. "Ziondoe kwa leo tu." Mfagio akaweka kichujio kilichoitwa Waliomaliza Tu. Kisha, ili Profesa asihangaike mbele ya wageni, akaiagiza Kurunzi ifunguke hivyo kila inapowashwa. Chini kabisa ya skrini palibaki maneno ya kukumbusha kwamba kichujio kinafanya kazi. Maneno hayo aliyapaka rangi hafifu yeye mwenyewe, yasiharibu urembo.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Kichujio kikabaki. Kazi ya Mfagio ya kila siku ilikuwa upande wa kuingiza rekodi, ambako kichujio hakigusi kitu, na upande wa kutafuta aliuingia kwa nadra. Hakuna aliyefanya hila. Alisahau tu, na mtu anayesifiwa kwa kutosahau hana tabia ya kujikagua.

Jioni ile alipofika kwa kaka yake hakuketi kwanza.

"Nimeangalia. Wenye ini kama lako wapo, na wote wamepata nafuu. Hakuna aliyekufa."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, kaka. Nimefungua kila rekodi kwa mkono wangu."

Nyundo alibishana bado, kwa kuwa alizaliwa mbishi, na Mfagio akambana. Alimwambia habari za mapacha, wasichana wawili wa Nyundo waliokuwa shule ya msingi. Alimwambia woga wake ni wa kitoto. Hatimaye akamwambia neno ambalo baadaye lilimchoma kuliko yote: "Huniamini mimi?" Nyundo akaomba maji ya kumezea.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Nyundo alitoka hadi mlangoni bila kushika ukuta, akamtania jirani kwamba sasa atashindana mbio. Kipimo cha kwanza cha damu kilitoka kizuri, na siku ya cha pili ilikuwa haijafika. Kisha chakula kikaanza kumshinda. Akajikuna mikono mpaka ikachubuka. Vidonge vikawa havipiti kooni, na mara mbili alivitema akasema hataki tena, mwili wake unavikataa. Mkewe akavisaga kwa kijiko na kuvitia kwenye chai. "Kunywa, baba," alimbembeleza. "Dada yako ameangalia." Akanywa.

Mfagio naye siku hizo alikuwa amezama kwenye kazi. Alipiga simu, akaambiwa anachoka choka, akasema dawa nzito huchosha.

Taasisi ilikuwa na mwanamke mmoja wa kufuatilia wagonjwa waliopotea, aliyeitwa Buti kwa sababu hakuonekana kamwe na kiatu kingine. Alikuwa peke yake kwa eneo kubwa, hivyo aliowapata walikuwa wachache. Asubuhi moja aliingia kwa Mfagio, akakaa juu ya boksi la karatasi na kuanza kulegeza kamba za viatu.

"Yule wako wa machimbo, uliyemwandika amepotea. Nimempata."

"Alihama?"

"Yuko nyuma ya nyumba yao, wameshamfunika udongo. Mkewe anasema aligeuka njano, akafa kabla ya siku ya kliniki. Simu waliizima, nani angeipokea? Na nyumba ya pili niliyokwenda, vilevile. Njano. Badilisha hizo rekodi, Mfagio, hawa hawakupotea popote."

Mfagio alisoma namba ya yule mtu kwenye orodha ya Buti, akaiandika kwenye Kurunzi. Kurunzi ikajibu kwamba hakuna mtu huyo. Akaandika tena, pole pole. Hakuna. Lakini alimkumbuka, alimwingiza mwenyewe, alibishana na muuguzi kuhusu umri wake. Akaandika namba ya yule wa pili. Hakuna. Ndipo macho yake yakashuka chini ya skrini, kwenye yale maneno hafifu.

Aliondoa kichujio na kurudia utafutaji aliomfanyia kaka yake. Nukta za kijivu zikajitokeza katikati ya zile za kijani, na zilikuwa nyingi kuliko za kijani. Wanaume, umri ule ule, vumbi lile lile, ini lile lile. Amepotea. Amepotea. Amepotea. Aliyeandika neno hilo kwenye kila rekodi alikuwa yeye.

"Unakwenda wapi?" Buti aliuliza.

Mfagio alikuwa tayari mlangoni. Aliacha mkoba wake mezani na kompyuta ikiwaka.

Alimkuta Nyundo ameketi nje, kwenye mwanga, na hakukuwa na haja ya daktari. Macho yalikuwa njano. Viganja vilikuwa njano. Ndani ya nyumba kulikuwa na giza giza na mkewe, aliyemtazama kila saa, hakuiona ile njano ilipoanza. Mfagio alikwapua kile kikombe cha chai mkononi mwa kaka yake na kukimwaga mchangani, wifi yake akapiga kelele kwamba anamwaga nini, dawa imo humo.

"Asinywe tena! Twende hospitali, sasa hivi!"

Wakaenda. Daktari aliposoma majibu ya damu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na Mfagio akaelewa. Dawa ilisimamishwa. Ini halikusimama, liliendelea kuharibika.

Siku moja mchana, mkewe alipokwenda kufua shuka, Nyundo alimwita dada yake karibu. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji na maneno aliyatoa kwa vipande.

"Sema. Una jambo. Umekaa kama mtu aliyevunja sahani ya mama."

Akamwambia yote, kichujio, wageni, nukta za kijivu. Hakujitetea. Alipomaliza alitaka kupiga magoti, kaka yake akamzuia kwa kidole tu, maana mkono hakuuweza.

"Kwa hiyo ini langu nilikuwa nalijua," Nyundo alisema, na jambo la ajabu, alicheka, kicheko kikamgeukia kikohozi. "Nilikushinda, mdogo wangu. Mara moja katika maisha nimekushinda kwa hoja."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe. Nimekasirika pia, usidhani sijakasirika. Ila sina nguvu ya kukasirika muda mrefu." Akavuta pumzi. "Mke wangu usimwambie. Nisikilize. Atakuchukia, na akikuchukia atakuwa peke yake na wale watoto. Hana dada, hana mama. Ana wewe. Niapie."

Mfagio akaapa. Wiki haikuisha, wakamzika.

Kazini alikwenda kwa Profesa na kusema kila kitu. Profesa, uso umemshuka, akaagiza kichujio kiondolewe na dawa isimamishwe kwa wote waliowahi kuugua ini. Hilo alilifanya siku ile ile, tusimnyime haki yake. Lakini kuhusu familia za waliokwisha kufa alisema lazima kwanza kamati ikae, wanasheria wasome, maneno yapimwe. "Tusikurupuke," alisema. Kamati ikapangiwa siku, siku ikasogezwa.

Mfagio alitimiza kiapo. Kila jioni alipitia kwa wifi yake, akawasaidia mapacha hesabu zao, akachota maji, akakunja nguo. Alidhani shida yake kubwa itakuwa kuibeba siri yake. Hakujua bado wifi yake alikuwa amebeba nini.

Mwanamke yule alikuwa anakonda. Alikaa na kikombe mbele yake bila kunywa. Jumapili moja mchana, watoto wakiwa nje wanaosha vyombo, Mfagio alimsihi ale japo kidogo, na wifi yake akasema, bila kuinua macho:

"Wewe kila siku unakuja kunihudumia. Ungejua, usingekanyaga hapa."

"Ningejua nini, wifi?"

"Mimi ndiye niliyemuua kaka yako."

Mfagio alibaki ameshika sahani.

"Vile vidonge nilivisaga. Jirani aliniambia juzi, vidonge vingine havisagwi, vikisagwa vinageuka sumu. Nami nilivisaga kwa kijiko, nikavitia kwenye chai, kila siku. Alikuwa hataki, wifi. Alivitema. Alinishika mkono hivi, akaniambia mwili unakataa, nami nikamlazimisha kama mtoto. Wenzake wote walipona, si ulisema? Hakuna aliyekufa. Kafa wangu tu. Kwa hiyo kosa ni la nani, kama si la mkono huu?"

Aliuinua ule mkono wa kulia na kuutazama kwa chuki. Mfagio aliona ngozi ya kidole gumba imebabuka, mahali alipokuwa akijichubua kwa kucha.

Kiapo ni kiapo. Alikumbuka kile kidole kilichomzuia kupiga magoti. Angeweza kusema tu kwamba kusaga hakukudhuru, na alifungua kinywa kusema hivyo, lakini akajua lingekuja swali la pili: sasa kwa nini wangu peke yake? Swali hilo halikuwa na jibu lingine. Roho ilimuuma kwa ajili ya kaka yake, kwamba hata hili dogo alilomwomba hakuweza kumpa. Akaweka sahani chini.

"Hukumuua wewe. Kusaga hakukufanya lolote, hata angevimeza vizima angekufa. Na hakufa peke yake."

Akaeleza. Alieleza taratibu kwa maneno ya kawaida, kwamba kwenye mashine wagonjwa ni nukta, kwamba wale walionyamaza aliwaandika yeye kuwa wamepotea, kwamba aliwaficha yeye ili skrini ipendeze, akasahau, kisha akaja hapa akasema hakuna aliyekufa. Kwamba kaka yake alijua, akamsamehe, akamwapisha anyamaze.

Wifi yake hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka mikono mapajani. Nje mapacha walikuwa wanagombana nani asuuze na nani apanguse.

"Ulimwambia, 'Huniamini mimi?'" alisema mwishowe. "Nilikuwa nimesimama pale. Nami nilikuunga mkono."

"Ndiyo."

"Hao wengine. Hizo nukta zako. Waliacha wajane?"

"Wengi wao."

"Wanajua?"

"Hapana. Kamati haijakaa."

"Kwa hiyo sasa hivi kuna mwanamke amekaa mahali anautazama mkono wake."

Wifi yake akasimama, akaichukua ile sahani ya chakula, akaiweka juu ya kabati, mbali.

"Nyumba zao unazijua?"

"Buti anazijua."

"Basi nenda ukawaambie. Usingoje mtu yeyote akae. Mlango kwa mlango, useme kama ulivyoniambia mimi, na useme ni wewe."

"Nitakwenda. Nikimaliza nitakuja nikueleze..."

"Ukimaliza usirudi hapa."

Alilisema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya kwenda sokoni. Mfagio alingoja kidogo, labda litafuata neno lingine. Halikufuata. Akachukua mkoba wake na kutoka.

Mmoja wa mapacha aliinua uso kutoka kwenye beseni, mikono imejaa povu.

"Shangazi, mbona mapema? Na hesabu zetu?"

Akamwambia ana kazi.